Sanduku la vitabu Rungwa, na mapitio tuliyoyaandika kabla ya kumaliza kusoma



Tunaanza na kosa letu. Katika toleo moja lililopita, safu hii ya vitabu iliandika kwamba riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi haiwafai vijana wa parokiani. Tuliandika aya mbili: ya kwanza tukasifu Kiswahili chake, ya pili tukatoa onyo. Jambo ambalo hatukuliandika ni kwamba tulikuwa tumesoma hadi katikati tu. Mitihani ilikuwa karibu, metafizikia haina huruma, na tulidhani tunajua kitabu kinakoelekea.

Kosa hilo lilitutangulia hadi Rungwa. Likizo hii mafrateri watatu tulipelekwa utume katika kigango kimoja huko, kwenye ile barabara ndefu itokayo Itigi kuelekea Makongolosi na Mbeya. Waliopita njia hiyo wanaijua miombo isiyoisha na ndorobo anayekuuma juu ya shati. Pori la akiba la Rungwa, lililotangazwa mwaka 1951, liko jirani, na watu wengi huko hutundika mizinga. Tulibeba sanduku lenye vitabu thelathini na kidogo, riwaya kwa tenzi, historia kwa maisha ya watakatifu, ili waamini waazime tukiwa huko.

Jumapili ya kwanza baada ya Misa tuliliweka sanduku chini ya mti. Katekista akakagua kitabu kimoja kimoja kama anayekagua mahindi ya zaka. Alipofika kwenye Rosa Mistika akakiweka pembeni. Akasema, “Hiki mmesema wenyewe hakifai.” Alikuwa amesoma mapitio yetu kwenye simu ya binti yake. Ndipo mama mmoja, ambaye mtoto wake anakwenda bweni kuanza kidato cha kwanza, akauliza, “Basi frateri, humo ndani kuna nini hasa, mpaka mwanangu asikisome?”

Tukabaki tunatazamana. Hatukuwa na jibu.

Usiku ule tulikimaliza kwa taa ya sola, tukipokezana. Kwa hiyo makala haya ni ya kueleza namna tunavyopaswa kuandika mapitio ya vitabu, vya kubuni na visivyo vya kubuni, na ni ya kumjibu yule mama.

Kwa wasiokifahamu: Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma seminari ya Nyegezi, na hii ni riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1971. Ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha baadaye ikaja kufundishwa humo humo shuleni. Jina lake kila anayesali Litania ya Bikira Maria analijua: ni Waridi lenye fumbo. Mwandishi amempa jina hilo binti ambaye baba yake anamlinda kwa fimbo. Baba ni mlevi, hana muda wa kuzungumza na watoto wake, lakini barua moja ya mvulana inatosha kumfanya ampige binti hadi aibu. Rosa akifika bweni, mbali na fimbo, hana kitu kingine cha kumwongoza. Yanayofuata ni mabaya, na mwandishi hayafichi. Mwisho hatuusimulii, ila hautamani mtu yeyote amuige Rosa.

Sasa, tulipoandika onyo tulikuwa tumejiuliza swali moja tu: je, kuna dhambi ndani ya kitabu hiki? Ipo. Lakini ipo pia katika habari za Daudi na mke wa Uria, na hizo tunazisoma kanisani. Swali linaloifaa riwaya ni lingine: kitabu kimesimama wapi kuhusu dhambi hiyo? Kinaipamba, kinaifanyia mzaha, au kinatuonyesha ilikoanzia na inakomfikisha mtu? Huwezi kulijibu swali hilo ukiwa ukurasa wa katikati, kwa sababu riwaya husema neno lake kwa mwendo wake wote. Aristotle, tunayemsoma darasani, alisema ushairi una falsafa zaidi kuliko historia, kwa kuwa historia hueleza lililotokea na ushairi hueleza linaloweza kutokea. Baba wa Rosa hakuwahi kuishi. Lakini katika kigango kile, tulipoueleza mwanzo wa hadithi, wanaume wawili waliinamisha vichwa.

Jibu letu kwa yule mama lilikuwa hili: mtoto wa kidato cha kwanza bado ni mdogo kwa kitabu hiki, ila yeye mwenyewe na mume wake wakisome kabla mtoto hajaondoka. Mapitio yanapaswa kusema kitabu ni cha nani. Neno “hakifai” pekee ni la mvivu, na mvivu huyo alikuwa sisi.

Wengine watauliza kama mwanafunzi wa upadre ana kazi gani na riwaya. Baba Mtakatifu Fransisko alilijibu hilo katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi. Alianza akifikiria malezi ya mapadre, kisha akaona yanawahusu Wakristo wote. Anakumbuka humo jinsi yeye mwenyewe alivyofundisha fasihi katika shule ya Wajesuiti huko Santa Fe, Argentina, miaka ya 1964 na 1965. Anayezoea kusikiliza sauti za watu wasiofanana naye katika kurasa, anajiandaa kuwasikiliza wanaokuja na mizigo yao. Mzee mmoja wa kanisa alituuliza pia mbona riwaya hizi hazina idhini ya Askofu ukurasa wa mbele. Idhini hiyo huhitajika kwa vitabu kama katekisimu na vya sala, riwaya haziombewi. Na ile orodha ya zamani ya vitabu vilivyokatazwa ilikoma kuwa sheria mwaka 1966. Tangu hapo mzigo wa kupambanua uko zaidi mabegani mwa msomaji, ndiyo maana mapitio ya uongo yana madhara.

Katika karne ya nne Mtakatifu Basili Mkuu aliwaandikia vijana namna ya kufaidika na maandiko ya wapagani. Akawapa mfano wa nyuki, ambaye haendi kwenye kila ua, na hata kwenye ua analoliendea habebi lote. Tulidhani Rungwa ndipo mahali pa mfano huo, tukautumia kwenye jumuiya kwa kujiamini. Mzee mmoja mrina asali akatusikiliza hadi mwisho, kisha akasema nyuki wake hawachagui sana kama tunavyofikiri. Wanafuata kilichochanua, na mwaka wa ukame wanakwenda mbali hadi wanachoka. Huenda Basili hakuwahi kutundika mzinga. Lakini neno la mzee lilitufundisha kitu kuhusu sanduku letu: watu wa kule walisoma kilichokuwepo. Lililoletwa na mafrateri ndilo ua lililochanua. Kwa hiyo kazi ya kuchagua tulikuwa tumeshaifanya kwa niaba yao, bila kuwauliza.

Kitabu kilichotushangaza zaidi si riwaya. Tulikuwa na nakala chakavu ya kitabu cha Padre Aylward Shorter, Mmisionari wa Afrika, kuhusu utawala wa machifu wa Wakimbu, kilichochapwa mwaka 1972. Kiko kwa Kiingereza. Wakimbu ni wenyeji wa nchi hii hii, na ndani yake mna habari za Nyungu ya Mawe, mtu wa ukoo wa utawala wa Unyanyembe, aliyeongoza ruga-ruga, akaziweka himaya ndogondogo za Ukimbu chini ya mkono wake, na kufariki mwaka 1884, nafasi yake ikachukuliwa na binti yake Mugalula. Jioni mbili tulikaa tukiwatafsiria wazee kwa mdomo. Ni kitabu kuhusu babu zao, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukishika.

Hapa maswali ya mapitio yanabadilika. Kitabu cha historia hatukiulizi kimesimama wapi kuhusu dhambi. Tunamuuliza mwandishi amejuaje. Padre Shorter aliwasikiliza wazee katika miaka ya 1960 na kulinganisha masimulizi yao, na hilo ni jambo la heshima. Lakini mzee mmoja alitusimamisha katikati akasema ukoo wake husimulia habari hiyo kwa namna nyingine. Frateri mwenzetu alitaka tuendelee, maana giza lilikuwa linaingia. Tulisimama, tukaandika maneno ya mzee kwenye daftari, na tutayaweka kwenye mapitio ya kitabu hicho. Kitabu kinachotegemea kumbukumbu za watu kinapimwa pia na kumbukumbu za watu.

Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza kilikuwa cha tatu kuzungumziwa sana, ingawa wengi waliogopa unene wake. Kitereza, mwana wa Ukerewe aliyesoma seminari ya Rubya, alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945. Kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Ni habari ya mume ambaye ndugu zake wanamtukana mkewe kwa kukosa mtoto, wakwe wanamchukua binti yao, na mume anahangaika kutafuta pombe ya ndizi aliyotozwa ili arudishiwe mke. Kurasa za kutengeneza pombe na kuaga wageni ni ndefu, hatudanganyi, na msomaji mwenye haraka atasinzia. Lakini wanandoa wawili wasio na mtoto waliazima juzuu ya kwanza kwa pamoja, na hawakutuambia lolote zaidi ya kuuliza kama ya pili ipo.

Kusadikika cha Shaaban Robert kilisomwa na vijana wa kwaya kwa siku mbili, kinajitetea chenyewe.

Tulipoondoka, paroko aliruhusu sanduku libaki hadi Pasaka. Mna daftari la waazimaji ndani yake, jina, tarehe na kitabu. Siku ya mwisho tulilinganisha daftari na vitabu vilivyomo, vyote vikapatikana isipokuwa Rosa Mistika, ambacho hakikuandikwa popote. Binti wa katekista alicheka tulipouliza. Akasema baba yake yuko nacho chini ya mto wa kitanda, amefika karibu na mwisho, na ameomba tusimwambie mtu.