AHADI NI DENI: HATI YA BIMA NDANI YA BAHASHA



Mama mmoja wa hapa Ghubra alitujia baada ya Alasiri na bahasha iliyochakaa. Ndani mlikuwa na hati ya bima ya maisha aliyoikata marehemu mumewe huko Mombasa. Akauliza: “Mwalimu, karatasi hii ni mali au ni kumbukumbu tu?” Tumeona jibu lake litawafaa wengi.

Wahenga walisema ahadi ni deni, na bima ya maisha ni ahadi ya miaka mingi. Fedha anazotoa mwenye bima leo si faida ya kampuni. Sehemu kubwa ni amana. Wataalamu wa hesabu za bima hukadiria mafao yote yatakayolipwa siku za usoni, huyapima kwa thamani ya leo, kisha huondoa michango ambayo bado inatarajiwa. Kinachobaki ni deni, na kampuni yapaswa kuwa na mali ya kulikabili.

Tuchukue mfano. Ili kulipa riali 1,000 baada ya miaka 10, zahitajika riali 614 leo, ikiwa zitazaa asilimia 5 kila mwaka. Zikizaa asilimia 3, zahitajika 744. Anayekadiria kwa matumaini makubwa huonekana tajiri vitabuni, kumbe anakula amana.

Kenya ilishuhudia msiba huo. Kenya National Assurance, shirika la serikali, lilifungwa mwaka 1996. Baadaye iliundwa kampuni nyingine, Kenya National Assurance (2001), ibebe mali na madeni ya bima za maisha. Mlango ulifungwa, deni halikufutika.

Tena, ahadi yaweza kutimizwa na bado ikapungua. Shilingi ya Tanzania ilipoanza mwaka 1966, dola ya Marekani ilipatikana kwa shilingi 7 na ushei. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikwisha kupita 500. Aliyeahidiwa shilingi 10,000 alizipata kamili, lakini hazikununua kitu.

Hapa Oman, sheria ya takaful ilitolewa kwa Amri ya Kifalme namba 11 ya 2016. Katika takaful, mfuko wa wachangiaji hutengwa na mali ya wenye hisa, na ukipungukiwa, hukopeshwa bila riba. Hata hivyo hesabu ya madeni yajayo haikwepeki: nia njema bila akiba hailishi mayatima.

Tulimshauri mama asiitupe hati ile, akusanye stakabadhi na cheti cha kifo, aiandikie kampuni au iliyoirithi, na nakala ya barua aipeleke kwa mamlaka ya bima nchini Kenya. Nanyi, wasomaji, waonyesheni wake na watoto wenu hati zilipo, mngali hai. Deni lisilojulikana halidaiwi.

Wabillahi tawfiq.