Taya la Chini: Kukua au Kusogea?

Mfasiri wa maandishi ya tiba ya meno hukutana mapema na sentensi isemayo kwamba kidevu cha mtoto hukua kuelekea mbele. Kwa macho ndivyo ilivyo: mtoto mchanga ana kidevu kilichorudi nyuma, na afikapo ujana kimetokeza. Lakini nyongeza kubwa ya mfupa haiko kidevuni. Iko nyuma na juu, katika kile tunachopendelea kukiita kichwa cha taya, yaani ncha ya mviringo inayokaa kwenye kiungo kilicho mbele ya sikio. Kwa hiyo twaona yafaa kusema kwamba kichwa cha taya hukua, nacho kidevu husogea mbele na chini. Wataalamu wamebishana kama kichwa hicho ndicho kisukumacho, au nyama za uso ndizo zivutazo na mfupa ukajaza nafasi. Neno kusogea halimlazimishi mfasiri kuchagua upande.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1771 mpasuaji John Hunter, katika kitabu chake juu ya meno ya binadamu, alikwisha eleza kwamba taya hurefuka kwa upande wa nyuma. Mfupa huongezwa nyuma ya tawi la taya na kuyeyushwa mbele yake; ndivyo magego yapatavyo nafasi.

Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Mtoto aangukiapo kidevu, pigo hupanda na huweza kuvunja shingo ya kichwa cha taya. Kijitabu kikisema kwamba kidevu ndicho kikuacho, mwalimu atatazama kidevu, ataona mkwaruzo, na kumrudisha mtoto mchezoni. Kumbe maumivu mbele ya sikio, au kinywa kifungukacho upande, yalitaka daktari siku ile ile. Ukuaji wa upande mmoja ukikwama, uso huweza kupinda kadiri miaka ipitavyo, kidevu kikielekea upande ulioumia. Na kiungo chaweza kuganda.

Wako pia waandikao "mfupa laini" badala ya gegedu. Hatuwaungi mkono, kwani gegedu la kichwa cha taya hugeuka kuwa mfupa, na kusema mfupa laini hugeuka mfupa hakumfundishi msomaji kitu. Na pale kidevuni, ambapo nusu mbili za taya huungana katika mwaka wa kwanza, pasiitwe mshono. Mishono ni ya fuvu. Hapa ungio latosha.