Katuni Zote Si za Watoto

Hebu fikiri jambo hili. Ni jioni. Watoto wamekaa kwenye mkeka. Simu ya kaka yao imeegemezwa kwenye sufuria, na ndani yake kuna filamu ya sungura wa kuchorwa. Mama anapita, anachungulia, anasema, "Ah, katuni hiyo, waache watazame." Kisha anarudi jikoni. Usiku mtoto mdogo anaamka akilia. Sisi tunatafuta sababu mbali, kumbe sababu ilikuwa kwenye simu.

Wengi wetu tungefanya kama mama huyo. Tukiona wanyama wanaosema, tunadhani hakuna neno. Leo tutaeleza habari ya filamu moja ya Uingereza. Filamu hiyo iliwasumbua hata wataalamu. Sisi nasi tunaweza kujifunza kwayo namna ya kuamua.

HADITHI ILIANZA KWA MDOMO

Alikuwepo Mwingereza mmoja aitwaye Richard Adams, mtumishi wa serikali. Alipokuwa safarini na binti zake wawili ndani ya gari, aliwatungia hadithi ya sungura. Watoto waliipenda sana, wakamsihi aiandike. Kitabu kikatoka mwaka 1972. Kinaitwa Watership Down. Hilo ni jina la kilima kilichopo kusini mwa Uingereza.

Sungura hawa si kama yule mjanja wa hadithi zetu anayemcheka fisi. Hawa wanakimbia kifo. Sungura mdogo aitwaye Fiver anahisi kwamba hatari kubwa inakuja. Anamwambia ndugu yake Hazel. Wachache wanasadiki, wanahama. Waliobaki wanazibiwa mashimo yao na watu wanaotaka kujenga nyumba, na wengi wanafia humo. Wale waliohama wanapambana na mbwa, mitego ya waya, na sungura dhalimu aitwaye Woundwort. Ni hadithi nzuri ya ushujaa na umoja. Lakini ni hadithi kali.

BODI ILIAMUA, KISHA IKABADILI

Mwaka 1978 kitabu hicho kilitengenezewa filamu ya katuni. Uingereza wanayo bodi ya kukagua filamu tangu mwaka 1912. Bodi hiyo hutoa alama. Alama ya U maana yake filamu inawafaa watu wote. Siku hizi bodi inasema ni kuanzia watoto wa miaka 4 hivi. Alama ya PG maana yake mzazi awe mwangalifu. Filamu ya PG haitegemewi kumsumbua mtoto wa miaka 8 au zaidi, lakini inaweza kumtisha aliye mdogo au mwenye moyo mwepesi.

Filamu ya sungura ilipewa U. Wakaguzi waliona kwamba damu ya kuchorwa haina ukali wa damu ya kweli. Waliona pia kwamba hofu ya mtoto itakwisha filamu ikiisha.

Basi, haikuwa hivyo. Ndani ya filamu hiyo sungura mmoja ananaswa shingoni kwa waya, na damu inamtoka mdomoni. Wengine wanakosa hewa ndani ya mashimo. Wengine wanararuana kwa meno. Watoto wengi waliogopa. Wapo waliokuwa watu wazima na bado wanaikumbuka hofu ile. Siku ya Pasaka mwaka 2016, televisheni moja ya huko iliionyesha mchana, na wazazi wakalalamika.

Mwishowe bodi iliikagua tena. Katika taarifa yake ya mwaka 2022 ilieleza kwamba filamu hiyo sasa ni PG. Sababu zilikuwa mapigano, vitisho, picha za damu na lugha isiyofaa. Toka 1978 hadi 2022 ni miaka 44. Filamu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni uamuzi wa watu.

FILAMU HAIMWONI MTOTO

Je, kwa nini hadithi iliyowafurahisha watoto garini iliwatisha watoto wengine kwenye sinema?

Tukumbuke bibi anaposimulia hadithi ya zimwi. Anamtazama mjukuu usoni. Akiona amejikunyata, anapunguza sauti, au anatia kichekesho, au anasema, "Tutamalizia kesho." Baba aliye na watoto wake garini anaweza kufanya hivyo hivyo. Filamu haiwezi. Filamu haimwoni mtoto. Inaendelea tu, na muziki wake unazidi kutia hofu. Tena mtoto mdogo bado hajui vizuri kutenganisha mambo ya kubuni na mambo ya kweli. Kwake yeye, sungura amekufa kweli.

Kwa hiyo, filamu ikitokana na kitabu kizuri, hilo peke yake halitoshi. Ikiwa ya katuni, hilo nalo halitoshi. Lazima awepo mtu wa kumtazama mtoto, badala ya bibi. Mtu huyo ni mimi na wewe.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuitazame filamu wenyewe, tena mpaka mwisho. Kama hatuna nafasi, tumwulize mtu mzima aliyeiona: Kuna damu? Kuna kufa? Inaishaje?

Pili, tuangalie alama ya umri. Hapa Tanzania ipo Bodi ya Filamu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1976. Kazi yake mojawapo ni kukagua filamu na kuzipangia madaraja. Lakini filamu iliyorushwa toka simu hadi simu mara nyingi haina alama yoyote. Na hata yenye alama, tumeona kwamba wakaguzi nao hubadili mawazo.

Tatu, tumpime mtoto wetu, si mtoto wa jirani. Wapo wa miaka 6 wasiojali. Wapo wa miaka 9 wanaolia. Mtoto aliyefiwa karibuni anaweza kuumia kwa jambo ambalo wenzake wanalicheka.

Nne, tukae naye. Akiziba macho au akikimbilia mapajani, tuzime. Tusimwambie, "Mwanaume haogopi." Kuogopa si kosa.

Tano, ikiisha tuzungumze naye. Ameelewa nini? Ni nani amemhurumia? Mtoto akisema hofu yake, hofu hupungua.

Hatusemi filamu hii ni mbaya. Mtoto wa miaka 10 akiitazama pamoja na mzazi anaweza kujifunza mengi juu ya ujasiri na kusaidiana. Tunachosema ni hiki: tusimwachie mtoto wa miaka 4 simu kwa sababu tu tumeona picha ya sungura.

Mama yule hakukosea kwenda kupika. Chakula lazima kiive. Lakini angeuliza kwanza swali moja: "Nani kati yetu ameshaiona?"

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Watoto wa kijiji chetu hutazama filamu wapi, na nani yupo nao?
2. Kwa nini bodi ya Uingereza ilibadili alama ya filamu ya sungura?
3. Je, mwenye banda la video tukubaliane naye nini juu ya watoto wadogo?