Uvimbe wa Taya: Namna ya Kufundisha Kazi ya Protini katika Saratani

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwalimu mwanafunzi aweza kumkuta darasani mtoto wa miaka saba ambaye taya lake limevimba na meno yamelegea. Wenzake husema ni jino. Nyumbani husemwa kwamba karogwa. Katika shule za Mtabila, na kote Kasulu na Kibondo ambako malaria ni ugonjwa wa kawaida, uvimbe huo waweza kweli kuwa jipu la jino. Lakini pia waweza kuwa saratani iitwayo limfoma ya Burkitt. Hatuna budi kuijua.

Jina hilo latokana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeuandika ugonjwa huu mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari yapata kilomita 16,000, toka Uganda hadi Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi unapoonekana. Ilidhihirika kwamba katika Afrika Mashariki ni nadra katika nyanda zilizo juu ya meta 1,500. Sehemu kubwa ya miinuko yetu iko chini ya kimo hicho.

Nini hutendeka mwilini? Kila chembe hai ina nyuzi ziitwazo kromosomu, na juu yake maagizo yaitwayo jeni. Agizo mojawapo, lililo katika kromosomu ya 8, hutengeneza protini iitwayo Myc. Protini hii ni kama kengele ya shule: ikilia, chembe huanza kukua na kugawanyika, ikinyamaza, hutulia. Bila kengele hakuna kazi. Lakini yapasa ilie kwa saa yake tu.

Katika ugonjwa huu, kromosomu ya 8 hukatika na kipande chenye agizo la Myc huungana, mara nyingi, na kromosomu ya 14. Hapo hukaa jirani na agizo lisilopumzika, lile la kutengeneza kingamwili katika chembe nyeupe za damu. Basi kengele hulia usiku na mchana. Mwaka 1982 wataalamu walithibitisha kwamba agizo lililohama ni hilo la Myc. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Malaria ya mara kwa mara huzichochea chembe hizo zigawanyike na hudhoofisha ulinzi wa mwili dhidi ya virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa aina hii. Kwa hiyo somo la chandarua nalo ni sehemu ya somo hili.

Kwa Darasa la Sita au la Saba, yafaa mwalimu atayarishe tepe mbili za karatasi, nyekundu na ya buluu. Achore kengele karibu na ncha ya ile nyekundu, na ngoma ichezwayo bila kukoma kwenye ile ya buluu. Wanafunzi wakate ncha na kubadilishana, kisha waulizwe: kengele sasa imekaa na nani? Jibu walitoe wenyewe, mwalimu asiwatangulie.

Maswali mawili hayakosi kuulizwa. Je, huambukiza? Saratani hii haihami toka mtoto hadi mtoto. Aketi na wenzake. Je, ni laana ya ukoo? La. Badiliko hutokea katika chembe moja ya damu baada ya mtoto kuzaliwa, wala halikutoka katika yai la mama au mbegu ya baba. Zipo saratani chache, kama ile ya jicho iitwayo retinoblastoma, ambazo kasoro ya jeni yake yaweza kurithiwa; hata hizo si laana.

Mwisho, uonapo uvimbe kama huo, usiruhusu uchanjwe, wala usiseme tungoje jino ling'olewe. Zungumza na wazazi siku hiyohiyo, kwa heshima, waende kituo cha afya na kuomba rufaa. Hospitali za Bugando, Mwanza, na Muhimbili, Dar es Salaam, hutibu saratani za watoto. Ugonjwa huu, kwa kuwa hukua upesi, husikia dawa upesi pia; mtoto awahishwaye aweza kupona kabisa na kurudi darasani. Juma moja la kungoja laweza kumnyima nafasi hiyo.