Karatasi ya Maabara na Viungo Vinavyouma

MTANGAZAJI: Leo tunasoma karatasi ya maabara.

Tuseme kila asubuhi unaamka vidole vya mikono yote miwili vimevimba na kukakamaa. Huwezi kufunga kitenge wala kushika jerikeni, na inapita saa nzima kabla havijalegea. Hali hiyo imezidi wiki sita. Ukifika hospitali ya rufaa, iwe ya Jinja au ya Mbale, daktari anaweza kushuku baridi yabisi na kukuandikia vipimo vya damu. Karatasi inarudi na herufi ESR na CRP.

Wengine huviita vimeng'enya vya uvimbe. Sivyo. CRP ni protini inayotengenezwa na ini wakati mwili unapambana na jambo fulani. Iligunduliwa mwaka 1930 huko New York, Marekani, tena kwa wagonjwa wa nimonia, si wa viungo. ESR ni mwendo tu: damu huwekwa kwenye mrija uliosimama wima, na baada ya saa moja mpimaji husoma seli nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Mwili ukiwa na uvimbe, seli hushikamana kama sarafu zilizopangwa, zikazama upesi.

Hapa ndipo watu hupotea. Namba hizi ni moshi: zinakuambia kuna moto, hazikuambii nyumba gani inaungua. Malaria na kifua kikuu huzipandisha. Ujauzito na upungufu wa damu hupandisha ESR. Na upande wa Jinja, ambako selimundu ni nyingi (ile ambayo wengi wetu huiita sikoseli), mambo huweza kugeuka: ugonjwa huo huumiza mifupa na viungo vikali sana, lakini seli zilizopinda hazishikamani vizuri, kwa hiyo ESR huweza kuwa ndogo huku mgonjwa analia. Wapo pia wenye baridi yabisi ambao namba zao ni za kawaida kabisa. Kwa hiyo mweleze daktari asubuhi zako zilivyo, na umwombe avishike vidole vyako, asisome karatasi peke yake.

Kama umekuwa ukimeza predinisoloni ya kununua dukani, sema bila aibu. Hushusha namba, karatasi ikaonekana safi. Na kama umeitumia kwa wiki nyingi, usiiache ghafla. Daktari ataipunguza polepole.

Vimeng'enya basi viko wapi? Ni vile vya ini, vinavyoandikwa ALT na AST. Hupimwa kwa sababu ya dawa, hasa methotreksati, inayoweza kuumiza ini, na pombe huzidisha madhara. Dawa hiyo humezwa mara moja tu kwa wiki. Narudia: kwa wiki, si kwa siku. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Chagua siku usiyoweza kuisahau, labda siku ya soko, na mtu wa nyumbani aijue. Mama mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, asiitumie.

Na ukihamishwa kambi, beba karatasi zako zote za zamani. Namba ya leo husomeka vizuri zaidi ikiwekwa kando ya ile ya miezi mitatu iliyopita.

(Muziki)