Sura ya Nne: Macho ya Mtoto Mchanga na Mambo ya Pembeni

Huku Theta, kati ya Ruiru na Thika, bado naambiwa kwamba mtoto mchanga ni kipofu hadi atimize siku arobaini. Mwingine huapa kuwa mtoto akikodolea ukingo wa mabati anaona malaika. Anaona ukingo wa mabati, basi: giza la ndani linapokutana na jua la nje.

Katikati ya retina (utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga), sehemu unayoitumia kusoma sentensi hii, huchukua miaka kadhaa kukomaa. Retina ya pembeni huzaliwa ikiwa imetangulia. Mwaka 1974 watafiti Harris na MacFarlane walipima watoto wachanga wakakuta wanageukia kitu kilicho takriban digrii 25 kutoka katikati, lakini kukiwa na kingine mbele yao, upeo unashuka hadi kama 15. Kwa hiyo ukimtikisia mtoto leso kando huku anakutazama usoni, asipogeuka usianze kulia.

Ila kugundua kwamba pembeni kuna kitu si kulitambua umbo lake. Katika mwezi wa kwanza macho ya mtoto hung'ang'ania mpaka wa nje wa uso: nywele zinapoanzia, kidevu kinapoishia. Macho na mdomo wako huanza kuyachunguza vizuri akikaribia miezi miwili.

Nilipanga sasa nizungumzie kadi za picha, lakini tukiwa bado kwenye mpaka wa uso, kilemba hakinipi nafasi. Mwaka 1995 Olivier Pascalis na wenzake, Ufaransa, waliwaonyesha watoto wa siku nne hivi nyuso mbili, ya mama na ya mgeni. Walimtazama mama zaidi. Wanawake wote wawili walipofungwa vitambaa kichwani, upendeleo ukatoweka! Walichokuwa wamekishika ni ukingo wa nywele. Akina mama wa dhehebu la Akurinu, wanaofunga vilemba, wasishtuke. Nadhani mtoto aliyezoea kilemba ataushika ukingo wa kilemba, na sauti na harufu ya mama zipo palepale.

Sasa kadi nyeusi na nyeupe, zinazouzwa kwa ahadi ya kuongeza akili. Robert Fantz alitumia michoro ya namna hiyo tangu miaka ya 1950 kupima watoto wanapendelea kutazama nini. Kipimo si chakula. Leso yenye pindo jeusi inatosha.

Mwisho, lini umpeleke kwa daktari. Macho kupishana kidogo miezi ya mwanzo ni kawaida; yakiendelea baada ya mwezi wa nne, muone daktari. Lakini mboni inayong'aa nyeupe, hata kama umeiona kwenye picha ya simu tu, ni ya kupelekwa hospitali mara moja. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani.