Kuvu ni Ndugu, Tabia Mbalimbali

Katika sharika zetu za Kinondoni na Temeke, watoto wa chekechea hunywa uji wa mahindi yanayonunuliwa sokoni. Kamati nyingi hukagua gunia kwa macho tu, nasi tulifanya hivyo kwa miaka mingi. Macho hayatoshi.

Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 kati yao walifariki. Mtengenezaji mkuu wa sumu hiyo ni kuvu wa nyuzinyuzi aitwaye Aspergillus flavus. Sumu yenyewe haionekani, na kupika hakuiondoi.

Je, wataalamu humtambuaje kuvu huyu? Husoma vinasaba vyake. Kila kiumbe hai kina ribosomu, yaani viwanda vidogo vya kutengeneza protini ndani ya seli. Vinasaba vya protini za ribosomu ni vya lazima kwa uhai, kwa hiyo hubadilika polepole sana. Vikipangwa sambamba na kulinganishwa herufi kwa herufi, tofauti chache huonesha undugu wa karibu, na tofauti nyingi undugu wa mbali.

Lakini undugu si tabia. Aspergillus oryzae, anayetumiwa Japani kutengeneza sosi ya soya, ni ndugu wa karibu sana wa A. flavus, ila hatoi sumukuvu. Hata miongoni mwa A. flavus wapo wasio na sumu, kwa sababu vinasaba vya kuitengeneza, ambavyo ni kama 25, vimeharibika au havipo. Ndiyo maana husomwa vyote: vya undugu na vya sumu.

Ujuzi huo umezaa Aflasafe TZ01, iliyosajiliwa nchini mwaka 2018. Ndani yake mna kuvu wa hapahapa Tanzania wasio na sumu. Mkulima huwatawanya shambani wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kuchanua, nao huwahi nafasi ya wenye sumu.

Sisi wanunuzi tuanze na unyevu, kwani kuvu huupenda. Tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi hayajakauka, yasiwekwe ghalani. Kipimo hiki hakioneshi sumu, kwa hiyo punje zilizooza au kuvunjika zitolewe pia.

Wafadhili wetu, turubai za kuanikia na chaga za kupangia magunia ni msaada mkubwa kwa watoto hawa.